Bakuli la Jirani na Majumba ya Sintra

Jamani, tangu nirudi simu yangu haipumui. Majumba ya wafalme yakoje? Mbona hukutuma picha? Ni kweli mlifika mpaka chini ya mlima mkarudi? Habari hii nimeshaieleza kazini, nimeieleza sokoni, nimeieleza harusini huku ngoma inalia, na kila nikiieleza naipunguza, maana ina sehemu inayonitia haya. Sasa naiandika mara moja, nzima nzima, na sehemu ya haya imo. Mkishasoma msinipigie. Njooni mnywe chai.

Balsall Heath: ukuta wa jikoni

Wengi wenu mlimjua Salima, aliyekuwa jirani yangu hapa mtaani Balsall Heath. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja tu wa matofali. Wazazi wake walikimbia vita Msumbiji wakamlea Mtwara, kisha akaolewa na Mmsumbiji mwenye pasipoti ya Kireno, na ndiyo njia iliyomleta Birmingham. Mimi wa Tanga, yeye wa Mtwara, tukikutana jikoni ni ubishi mtupu: wali unatiwa nazi mwanzo au mwisho, nani kauharibu mchicha. Miaka saba tuliishi hivyo. Chai ikiiva aligonga ukuta mara mbili, nami nilitoka na kandambili zangu hata kama nje kuna theluji. Majina hatukuyatumia. Yeye aliniita jirani, na mimi nilimwita jirani.

Kisha mumewe akapata kazi Ureno. Walihama mwezi wa Ramadhani. Siku ya kuondoka, mchana, Salima alikuja kugonga mlango wangu na bakuli la muhogo wa nazi, futari yangu ya siku ile. Vyombo vyake vyote vilikuwa vimeshafungwa, limebaki hilo tu. Mnalikumbuka: la enameli nyeupe, lina maua ya kijani, limebanduka ukingoni. Lilikuwa la marehemu mama yake. Katika vitu vyote vya mama yake, ndicho alichotoka nacho Mtwara.

Mimi nilikuwa juu chumbani, nimetoka zamu ya usiku kule Harborne, kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi. Na sikuwa nimelala. Hii ndiyo ile sehemu ya haya. Nilimsikia anagonga, nikajifunika shuka gubigubi, nikajifanya nimelala. Binti yangu Rahma, wakati ule ana miaka kumi na mitano, ndiye aliyefungua. Nikasikia wanazungumza kwa sauti ya chini, mlango ukafungwa, gari likaondoka. Mimi niko kitandani na macho wazi.

Kwa nini? Mtu wa mwisho niliyemuaga sawasawa, kwa kukumbatiana na kulia na dua, ni mama yangu, Tanga, na sikumwona tena. Sikutaka kuyaona hayo mara ya pili. Tena, niseme ukweli, nilimkasirikia Salima. Niliona ananiacha. Ndiyo hivyo, mtu mzima na akili zangu.

Bakuli likabaki kwangu. Na ninyi mnajua kwetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu, utaonekana umelelewa wapi? Nilifikiria kulituma kwa posta, nikaona nitamtumiaje mtu bakuli la mama yake ndani ya boksi, tupu, kana kwamba nimelichoka. Basi likakaa juu ya kabati miaka minne. Tulisalimiana kwenye simu, Idi kwa Idi. Yeye hakuliulizia, mimi sikuligusia. Jirani wangu wa sasa ni kijana mpole, hana neno na mtu, lakini akipigilia msumari ukutani mimi hunyanyuka kitini nikadhani chai imeiva.

Mwaka huu Rahma, ambaye sasa yuko chuo kikuu, akashikilia kwamba lazima aende kuona majumba ya wafalme ya Sintra, mji wa kale ulio kilimani karibu na Lisbon. Salima anafanya kazi Sintra hiyo hiyo, jikoni kwenye mkahawa mdogo. Rahma akakaa mezani akapanga siku nzima kwenye simu yake: asubuhi treni kutoka Lisbon, saa tano jumba la juu mlimani, saa nane tukutane na Salima akiwa kwenye mapumziko, saa kumi jumba la mjini, jioni turudi. Kila kitu kina dakika zake. Nikamwambia sawa, mwanangu, umepanga vizuri. Lakini ratiba yangu mimi ilikuwa na jambo moja tu. Nilitaka kulitia lile bakuli mkononi mwa Salima, limejaa, nimtazame usoni nimuombe radhi. Maneno nilikuwa nayo tayari: Jirani, nisamehe, siku ile usingizi ulinizidi.

Uwanja wa ndege: mbaazi ni maji au ni chakula?

Nilipika mbaazi za nazi. Sikulala vizuri kwa ajili ya zile mbaazi. Nikazifanya nzito, nikalijaza bakuli, nikafunika kwa sahani, nikazungushia karatasi ya foili, nikafunga yote kwa kanga. Mandazi nikayatia mfukoni kando. Rahma akanitazama kwenye teksi, akasema kwa Kiingereza chake kwamba hilo halitapita. Nikamwambia chakula ni chakula, nani atakataa chakula?

Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile, na tulipofika tukaambiwa ndege yetu itachelewa kwa saa tatu. Tukaenda kwenye ukaguzi hivyo hivyo. Kijana aliyekuwa anakagua mizigo, mwenye ndevu nzuri, mtu wa hapa hapa Birmingham mwenye asili ya Pakistani, akaifungua ile kanga kwa adabu. Akatoa sahani. Mvuke wa nazi ukampanda usoni.

"Anti," akaniita, "hiki nini?"

"Mbaazi."

"Ni kitu cha majimaji?"

"Ni chakula."

Akaliinamisha bakuli kidogo. Mchuzi ukatembea. Akaniangalia kwa huruma, nikajua nimekwisha.

"Kinatembea, anti. Kikitembea ni maji."

Nikamuuliza, na wewe mama yako akipika dengu nyumbani, huwa unakula au unakunywa? Akacheka, mwenzake akacheka, lakini sheria haikucheka. Ama nizimwage pale, ama nitoke nje nikazile. Nyuma yangu foleni imesimama, Rahma amejifunika uso kwa mikono miwili. Kumwaga! Mbaazi nilizoziroweka tangu juzi yake! Nikafunga kanga yangu nikatoka.

Tulikaa kwenye viti vya nje na ule mlima wa mbaazi. Mimi nilitaka kulia. Mama mmoja aliyekaa mkabala akawa anatupia jicho, kisha akashindwa kujizuia.

"Samahani, hiyo si ni mbaazi?" Mkenya. Nesi, anakwenda likizo, ndege yake pia imekwama kwa ukungu. Jina lake Wanjiru. "Aki mimi sijaonja mbaazi ya nazi tangu nikiwa Mombasa."

Nikamwambia karibu. Akasogea na kiti chake. Nikatoa mandazi, tukala watatu, kwa mikono, na Wanjiru akawa anasema kila baada ya tonge, "Hii iko sawa kabisa, dada, hii iko sawa." Nilipomweleza zilikuwa zinakwenda kwa nani, aliacha kula. Akaniangalia, akaliangalia bakuli, ambalo mbaazi zake zimeshashuka hadi katikati ya maua.

"Sasa utampelekea nini?"

Yule kijana wa ukaguzi alipita kwenda mapumziko, nikamwita nikamtilia mbili tatu kwenye andazi, maana kosa si lake. Alikula amesimama, akafunga macho. Kisha nikaenda kuliosha bakuli kwenye sinki la choo cha uwanja wa ndege, nikalikausha kwa ile mashine ya upepo wa mikono, na wanawake waliokuwa pale wakanipisha. Likapita kwenye ukaguzi bila neno. Tupu hupita.

Lisbon: mji wa kupanda

Lisbon nitawaelezeni siku nyingine. Kwa sasa jueni tu kwamba kila mahali ni kupanda, kwamba mawe ya njiani yamesuguliwa yakawa laini mpaka nikateleza mara mbili, na kwamba tulifika tumechoka tukalala. Salima alituma ujumbe: "Jirani, mmefika salama? Kesho saa nane, mbele ya jumba lenye madohani mawili meupe. Huwezi kupotea." Nikaujibu haraka. Halafu nikausoma tena na tena mpaka Rahma akazima taa.

Treni ya kwenda Sintra: alichokisema Rahma

Treni ile ilijaa wageni wenye kamera upande mmoja, na upande mwingine watu waliotoka kazini, Waafrika wengi, akina mama wenye mifuko ya plastiki, wamesinzia. Tulipita magorofa marefu yenye nguo zimeanikwa madirishani. Mimi nilikuwa nimelipakata bakuli kwenye kanga yake, nafanya mazoezi ya maneno yangu polepole. Jirani, nisamehe, siku ile usingizi ulinizidi. Rahma akatoa vile vidude vya masikioni.

"Unasema nini?"

Nikamwambia. Akaninyang'anya bakuli kwa upole akaliweka mapajani mwake.

"Mama," akasema, na hilo ndilo neno pekee alilolitoa kwa Kiswahili. Mengine yote ni Kiingereza, mimi nawafasiria. "Usimwambie hivyo. Anajua ulikuwa macho."

"Anajua vipi?"

"Nilimwambia mimi."

Loo! Rahma akaendelea, macho yake dirishani. Siku ile Salima alimuuliza mlangoni, mama amelala? Na Rahma alikuwa amefunga, na mwaka ule alikuwa ameweka nia kwamba hatasema uongo hata mmoja mwezi mzima. Basi akamjibu: hapana, yuko macho, ila hataki kushuka.

"Akasemaje?"

"Alisimama tu pale. Halafu akanipa bakuli, akaniambia nilitie kwenye friji mpaka magharibi."

Miaka minne! Miaka minne namtumia salamu za Idi, na yeye ananijibu "na wewe jirani yangu mpenzi", kumbe anajua. Anajua nilimsikia akigonga nikajifunika. Nikasimama.

"Tunashuka kituo kinachofuata."

Rahma hakunyanyuka. Alilikumbatia lile bakuli. "Wewe shuka," akasema. "Bakuli linakwenda Sintra."

Nikakaa. Mama wa Kiafrika aliyekuwa kando yetu akanitazama, sijui aliyaelewa nini, akanipa peremende. Niliipokea nikaila huku machozi yananitoka.

Sintra: chini ya majumba

Sasa mnataka majumba. Majumba yapo. Nasikia lile la juu kabisa limepakwa rangi nyekundu na manjano, na kuna ngome ya kale ya Waislamu kwenye majabali. Sisi tuliona ukungu. Mlima wote ulikuwa umefunikwa, miti imelowa, kuta zimeota kuvu la kijani, maji yanatiririka pembeni mwa njia, na baridi yake si ya Birmingham, ni ile ya kunusa udongo. Nilisimama nje ya stesheni nikakumbuka Lushoto, nikiwa mtoto, tunapelekwa kwa shangazi na basi linapanda kwenye mawingu. Nilikuwa sijaikumbuka Lushoto miaka mingi.

Foleni ya basi la kupanda mlimani ilizunguka jengo zima. Basi moja lilikuwa limekwama huko juu kwa ukungu, na magari yote yamesimama. Saa tano ya Rahma ikaanza kusogea. Nikamwambia, mwanangu, watu wanapanda kwa miguu, panda nao, una miguu mipya, tutakutana saa nane.

"Na wewe?"

"Mimi nitazunguka hapa hapa."

Akanitazama kwa muda. Huyu mtoto nimemzaa mimi, lakini siku ile alinijua kuliko ninavyojijua. "Nikipanda," akasema, "wewe utarudi Lisbon."

Nikamwapia. Hakukubali. Alikaa na mimi, saa tano ikapita, tiketi yake ikafa. Nawaambieni, hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Basi nikasema, kama ni kukutana naye, si kwa bakuli tupu. Mjini kuna duka la vikeki vidogo vya jibini na mdalasini, harufu yake inakuvuta kutoka mbali. Rahma akabaki nje kutazama ramani. Mimi nikaingia na baibui langu limelowa ukungu, viatu vina matope, nikamnyooshea bakuli mama aliyekuwa kaunta, nikatabasamu, nikamwonyesha vikeki kwa kidole. Akaniangalia. Akaliangalia bakuli. Uso wake ukalegea kwa huruma, akachukua kikeki kimoja kwa koleo, akakiweka ndani taratibu, akanigusa mkono, na nilipofungua pochi akakataa kabisa kabisa.

Ilinichukua muda kuelewa. Yarabi! Mwanamke huyu kanidhania ombaomba! Mimi, Mwanahamisi wa Ngamiani kule Tanga, ninayelisha mtaa mzima Ijumaa! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa mikono, na kila nilivyozidi kupunga lile bakuli ndivyo alivyozidi kusikitika, akaongeza cha pili. Ikabidi Rahma aingie na simu yake inayotafsiri. Akaandika. Yule mama akasoma, akashika mdomo, akatoka nyuma ya kaunta akanikumbatia. Akatuonyesha kwenye karatasi kila kilichomo, hakuna mafuta ya nguruwe, akalijaza bakuli mpaka juu, akafunika kwa karatasi ya duka na utepe. Safari hii alikubali kulipwa. Viwili vya kwanza alikataa kuvihesabu.

Tukaenda kukaa mbele ya jumba lenye madohani. Hilo nimeliona, kwa nje. Madohani mawili meupe ya kutolea moshi, makubwa, yamechongoka kama pakacha lililopinduliwa, na Rahma akasoma kwamba ni ya jikoni. Wafalme walipikiwa chini yake. Nikapenda kwamba kitu kirefu kuliko vyote kwenye jumba lile ni jiko. Saa nane ikafika. Saa nane na robo. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa yameshauawa kwenye treni.

Nikamwona anapanda ngazi. Amevaa koti juu ya aproni, amekonda, kilemba chake kile kile cha bluu. Alikuwa anapanda polepole huku ameshika goti. Miaka minne iliyopita alikuwa hashiki goti. Akaja mpaka mbele yangu akasimama, mikono kiunoni.

"Jirani," akasema. "Umeamka?"

Jamani. Sikuweza. Nilianguka shingoni mwake nikalia kilio cha mtoto, watu na kamera zao wakasogea pembeni. Nilisema nisamehe, nisamehe, sikulala, nilikusikia. Akawa ananipigapiga mgongoni.

"Najua. Kwani ukuta ule ulikuwa wa chuma? Nilirudi ndani kuchukua begi la mwisho, nikakusikia unapenga kamasi."

"Mbona hukuniambia miaka yote?"

"Nikwambie nini? Nilikuwa na hasira, ndiyo. Mwaka wa kwanza nilikuwa na hasira mpaka nikasema nikimwona nitamzaba kofi." Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Halafu nikafikiria. Ungeshuka siku ile, jirani, ukanishika mkono, mimi nisingepanda lile gari. Mume wangu angeondoka na masanduku peke yake. Basi nikamshukuru Mungu kwa uoga wako."

Kisha akaliona bakuli. Alilitoa kwenye kanga, akapitisha kidole ukingoni, pale palipobanduka, na hapo yeye ndiye aliyelia. Alikuwa anadhani lilipotea. Alikuwa haulizi kwa sababu hakutaka kusikia kwamba limepotea. Tulikaa kwenye ngazi za wafalme, watu wazima wawili, tunapokezana leso moja.

Alipofungua ile karatasi yenye utepe akavitazama vikeki, akanitazama mimi, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Umetoka Uingereza kuniletea vikeki vya duka la hapa juu? Mimi navipita kila asubuhi!"

Ikabidi nimweleze habari ya mbaazi. Hapo kicheko kikakata.

"Za nazi?"

"Za nazi."

"Nzito?"

"Nzito, jirani. Zilikuwa zinasimama."

"Nani kazila?"

"Mkenya mmoja. Na askari wa ukaguzi."

"Mimi napika mwenyewe," akasema. "Nazi ya kopo ipo. Lakini huku nikigonga ukuta anatoka Mreno, ananiuliza kama nina shida." Sikujua nicheke au nilie. Nikamshika mkono.

Barabara ya stesheni: kusindikizana

Mapumziko yake yaliisha saa tisa na nusu. Tukamrudisha mpaka mlango wa mkahawa. Akasema ngojeni. Akaingia jikoni na bakuli, akatoka nalo limejaa wali wa nazi na maharage, chakula chake mwenyewe cha jioni, kimefunikwa kwa foili.

"Jirani, bakuli ni lako," nikasema. "La mama yako. Ndilo nililolileta."

"Kwani nimesema nakupa? Nimekutilia chakula. Utalirudisha." Akamgeukia Rahma. "Huu wali hautembei. Utapita."

Mwenye mkahawa, mzee mmoja mwenye miwani, alikuwa ametuona kupitia dirisha lake, macho yametuvimba kwa kilio, akamruhusu atusindikize kidogo. Barabara ya kwenda stesheni inazunguka bonde, upande mmoja ukuta wenye kuvu, upande mwingine miti. Tulikwenda mpaka nusu ya njia. Salima akasema basi, niishie hapa. Nikamwambia utarudije peke yako na goti hilo, ngoja nikusindikize. Tukageuka tukarudi mpaka mkahawani. Akasema sasa mgeni ananisindikiza mimi, ni aibu, twendeni. Tukageuka tena. Mnajua ilivyo. Kila tukifika kwenye chemchemi fulani ya vigae tunasimama kuagana, mmoja anakumbuka neno, tunageuka.

Saa kumi ya Rahma, ile ya jumba la mjini, ilipita tukiwa kwenye chemchemi kwa mara ya tatu. Aliketi juu ya ukuta akatutazama, bakuli limepakatwa. Nilimwambia mwanangu, nimekuharibia majumba yako. Akasema kwa Kiingereza, "Nyie wawili mnafaa kulipisha watu waje kuwatazama."

Mwishowe tulifika stesheni wote watatu. Treni ilikuwepo. Nawaambieni ukweli, kwa kuwa nimeahidi: nilipoiona ile milango imefunguliwa, miguu yangu ilitaka kukimbia. Nilitaka kuingia haraka, nikae dirisha la upande wa pili, nisione. Nikasema Rahma twende, tutakosa viti. Rahma akasimama mlangoni, bakuli kifuani, akaniziba njia.

"Hapana, Mama," akasema. "Muage kwanza."

Nikageuka. Salima alikuwa amesimama na aproni yake, mikono ameikunja, ananingoja. Hakunisaidia hata kidogo. Nikamkumbatia. Nikamwambia kwaheri jirani, nikamwambia nakupenda, nikamwambia uende hospitali na hilo goti, nikamwombea dua yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho pale kwenye jukwaa la stesheni, na yeye akaitikia amina kila mahali pake. Treni ikaondoka bila sisi. Tukapanda iliyofuata. Nilisimama mlangoni mpaka milango ikafungwa, na nilimtazama mpaka reli ilipokata kona, na sikufumba macho.

Njiani tulikula ule wali kwa mikono. Wageni wenye kamera walitutazama. Kwa kweli aliutia nazi mwanzo, kama anavyoshikilia siku zote, na ninasema hapa mbele yenu wote kwamba ulikuwa mtamu kuliko wangu, lakini msimwambie.

Nyumbani

Basi ndiyo hayo. Jumba la juu sikuliona. La mjini nimeliona madohani. Rahma hajanikasirikia, anasema tutarudi, na ratiba mpya ameshaanza kuipanga, safari hii ameniachia siku mbili nzima zisizo na kitu.

Bakuli nimeliosha. Sikulirudisha juu ya kabati. Liko hapa mezani, karibu na ukuta, mtaliona mkija kunywa chai. Bakuli la watu halitakaa kwangu miaka minne tena. Jana nilimuuliza Rahma kama nazi ya unga inapita kwenye ukaguzi. Kasema inapita.